Kusoma uso wa mtu: mwongozo kamili wa mambo ya kutazama, ya kuuliza na ya kutohukumu

Mwaka wangu wa pili kazini, siku ya kliniki ya watoto katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mama mmoja alinikabidhi mwanawe huku akitabasamu. Mashavu ya mtoto yalikuwa ya mviringo, yamejaa, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. "Huyu kanenepa, nesi," aliniambia. Nikamwitikia, "Hongera mama," nikataka kumwita anayefuata. Muuguzi aliyenitangulia kazini, mama mtu mzima aliyekaa nyuma yangu, akanyanyuka, akaishika miguu yote miwili ya yule mtoto na kuibonyeza kwa vidole gumba, akihesabu taratibu. Alipoachia, vishimo viwili vilibaki juu ya nyayo. Nywele zilikuwa nyepesi, rangi ya kutu. Mtoto hakulia, hakugeuka, wala hakumtazama mtu. Ile ilikuwa kwashakoo. Mwili ulikuwa umejaa maji kwa sababu ya utapiamlo, na mimi nilikuwa nimetoa pongezi.

Mashavu yale yalikuwa yakisema, nami nikayasoma kinyume. Tangu siku hiyo nimefanya uuguzi mkoani Dodoma kwa zaidi ya miaka 30, Kongwa, Chamwino na mjini, na sasa nimestaafu. Nimejifunza kwamba uso unakueleza mtu yuko katika hali gani leo. Haukuelezi yeye ni mtu wa namna gani. Wanaochanganya mambo haya mawili huwaumiza wenzao, na wako waliofika mpaka kuua. Kwa hiyo katika mwongozo huu kuna mambo nitakayokufundisha kuyatazama kwa makini, na kuna mengine nitakuomba uyaache kabisa.

Hatua ya 1: Ujue kwanza uso wake wa kila siku

Uso ukiutazama peke yake, bila kujua ulivyokuwa jana, haukuambii mengi. Kuna watu wamezaliwa na pembe za mdomo zilizoshuka. Wakitulia tu, utadhani wamenuna. Kuna mwenye macho makubwa, kila wakati anaonekana kama kashtushwa. Kuna mwenye jicho moja dogo kuliko lenzake tangu utotoni. Kinachosema ni mabadiliko. Ndiyo maana mama, mke au jirani huona ugonjwa kabla ya daktari. Mzazi akiniambia "nesi, huyu leo hayuko sawa," huwa naacha nilichokuwa nakifanya, hata kama kipimajoto kinasema joto ni la kawaida.

Kama humfahamu mtu, omba picha yake ya zamani. Kitambulisho, picha ya kipaimara, picha ya harusi kwenye simu ya mwanawe, yoyote itafaa. Shika picha kando ya uso, ulinganishe. Macho ambayo mwaka jana yalikaa vizuri na sasa yametokeza, mtu anapungua uzito huku anakula, moyo unamwenda mbio: hapo kuna uwezekano mkubwa wa ugonjwa wa tezi ya shingo. Uso mwembamba uliogeuka mviringo ndani ya miezi michache mara nyingi ni kazi ya dawa za steroidi. Muulize anatumia nini, na uulize kwa upole, kwa sababu steroidi hujificha ndani ya baadhi ya krimu za mkorogo na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichinichini sokoni. Asiviache ghafla kwa hofu. Mwili uliozoea steroidi unaweza kuzidiwa zikikatwa kwa mara moja. Aende navyo kwa daktari, na makopo yake mkononi.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga na kivuli

Dodoma saa saba mchana kila mtu amekunja ndita. Ukipita soko la Sabasaba wakati huo ukaamua kwamba wauzaji wote wana hasira, jua ndilo litakalokuwa limekudanganya. Mwezi wa Agosti upepo nao unaleta vumbi, macho ya mji mzima yanakuwa mekundu. Mpe mtu kama dakika kumi kivulini, anawe uso, anywe maji, kisha ndipo umtazame.

Usimtazame ndani ya tembe yenye kidirisha kimoja, wala chini ya taa ya njano. Toka naye nje, chini ya mti, mchana. Taa ya njano huficha kabisa umanjano wa macho.

Tena sisi weusi tuna jambo letu. Maelezo mengi yaliyoandikwa ughaibuni yanasema "uso unapauka" au "mashavu yanakuwa mekundu". Kwetu rangi ya ugonjwa haijitokezi vizuri kwenye mashavu. Itafute sehemu tano: ndani ya kope la chini, ulimi, fizi, viganja, na weupe wa jicho. Hapo kwenye weupe wa jicho kuna mtego. Wengi wetu sehemu inayopigwa na jua kila siku ina rangi ya kahawia au umanjano kidogo, na huo si ugonjwa. Mwambie atazame chini, inua kope la juu kwa kidole kisafi, uangalie sehemu ambayo jua haliifikii. Kama nayo ni ya manjano, hayo ni manjano ya kweli.

Hatua ya 3: Soma hisia, kisha uliza

Mwaka 1862 daktari wa Ufaransa aitwaye Guillaume Duchenne alichapisha matokeo ya kazi yake ya kupitisha umeme mdogo kwenye misuli ya nyuso za watu. Alionyesha kwamba tabasamu la furaha ya kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, wakati tabasamu la adabu huinua pembe za mdomo tu. Mwanasayansi wa Uingereza Charles Darwin alizitumia picha za Duchenne miaka kumi baadaye. Jaribu mbele ya kioo: tabasamu kama unayepigwa picha ya kitambulisho, halafu mkumbuke mtoto wako alivyocheka jana. Utaona mashavu yakipanda na vikunjo vikijitokeza pembeni mwa macho. Ni alama nzuri, ila usiifanye kipimo cha ukweli. Wapo watu wengi wanaoweza kukunja macho kwa makusudi.

Miaka ya sitini Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani, alikwenda Papua Guinea Mpya na picha za nyuso. Akarudi akisema hisia sita zinatambulikana usoni popote duniani: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Fundisho hilo limeenea sana, na bado kuna semina zinazolitoa kama lilivyo. Lakini watafiti waliofuata walifika mpaka huku kwetu. Waliwaonyesha nyuso Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, majirani zetu wa upande wa kaskazini, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2020 yalitoa ushahidi mdogo sana wa usomaji huo wa dunia nzima. Watu husoma uso kwa kutumia yale waliyofundishwa na jamii yao. Ukifikiri utaona ni kweli. Fundi simu anayeunga waya mwembamba amekunja uso kuliko mtu yeyote sokoni, na wala hajakasirika. Amezama kwenye kazi.

Chukua msiba. Mjane anakaa kwenye mkeka, wageni wanaingia, na kila anayeingia anampokea kwa uso mkunjufu, hata anatabasamu na kuuliza habari za safari. Mgeni asiyejua atasema hana uchungu. Tazama mikono. Nimemwona mama mmoja akitabasamu hivyo huku kidole chake kikizungusha uzi wa upindo wa kanga, uzi ukikatika akaanza mwingine, mpaka jioni upindo wote ukawa umefumuka. Mdomo ulikuwa unatimiza heshima kwa wageni, uchungu ulikuwa kwenye mikono. Kwa hiyo uso usiusome bila mikono, mabega, sauti na pumzi.

Namna ya kufanya ni hii. Ona badiliko. Litaje kwa maneno yasiyohukumu. Kisha uliza, unyamaze usubiri. "Naona tangu jana umekuwa kimya, kuna jambo?" ni swali zuri. "Mbona umenuna?" ni shutuma, na jibu lake siku zote ni "sijanuna."

Hapa niseme na walimu, waajiri na wazazi. Kijana kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu aliyolelewa nayo. Usiigeuze kuwa ushahidi wa wizi. Wanasaikolojia walipokusanya pamoja majaribio mengi ya kutambua uongo, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, walikuta watu wanapatia karibu mara 54 kati ya 100. Ukirusha shilingi hewani utapata mara 50. Nimemtibu binti wa kazi za ndani aliyepigwa kwa sababu "hakunitazama machoni nilipomuuliza hela iko wapi." Hela ilipatikana kwenye koti la baba mwenye nyumba.

Kuna uso mmoja ninaoomba usiupite. Ni uso uliozimika. Mtu alikuwa na bashasha, sasa uso umesawajika, hauchezi hata akisimuliwa cha kuchekesha, sauti imeshuka, anaamka alfajiri na hawezi kurudi kulala, chakula hakipandi, na hali hiyo imekwenda wiki mbili au zaidi. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Watu wa Dodoma wanaogopa kutafuta msaada kwa sababu jina la Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, limegeuzwa kuwa tusi mitaani. Huna lazima ya kuanzia huko. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, na muulize ndugu yako waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Tabia ya mtu usiitafute puani

Kila kona utasikia: mwenye paji pana ana akili, mwenye midomo myembamba ni mmbea, mwenye macho madogo ni mchoyo. Haya ni makosa ya zamani yaliyowahi kuvaa joho la elimu. Karne ya 18 mchungaji wa Uswisi, Johann Kaspar Lavater, aliifanya kazi hiyo ya kusoma tabia usoni ipendwe Ulaya nzima. Mwaka 1831 nahodha Robert FitzRoy, aliyemwamini Lavater, nusura amkatae Darwin kijana asipande meli yake, Beagle, kwa sababu ya umbo la pua. Aliona mwenye pua ile hawezi kuwa na bidii ya kumaliza safari. Safari ilichukua karibu miaka mitano, Darwin akaimaliza. Baadaye katika karne ya 19 Mwitaliano Cesare Lombroso akadai kwamba mhalifu huzaliwa akiwa na alama zake usoni na mwilini. Dai hilo halikusimama lilipopimwa.

Kwa nini basi tunaendelea kuamini? Kwa sababu macho yana haraka. Watafiti Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha mwaka 2006 kwamba uso ukionekana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtazamaji ameshaamua kama mwenye uso huo anaaminika. Watu hukubaliana sana katika maamuzi hayo, na kukubaliana ndiko kunakotufanya tuone ni ukweli. Wahenga walishaonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ukitaka kujua tabia ya mtu unayempa kazi, mpigie simu mwajiri wake wa zamani. Mpe kazi ndogo ya wiki moja uone. Mkopeshe kidogo kabla ya kumkopesha kingi. Hakuna njia ya mkato.

Meno ya kahawia ni mfano wetu wa karibu. Katika maeneo kadhaa ya Singida, Manyara na Arusha maji ya visima yana floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya hutoka na meno yenye madoa. Anapiga mswaki kila siku na bado anaitwa mchafu. Nimeona wasichana wazuri wakicheka kwa kuziba mdomo na kiganja maisha yao yote.

Lakini kinachonikereketa kuliko vyote ni macho mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na hadi Tabora, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ndiyo alama. Mwanamke aliyepuliza moto wa kuni au wa samadi kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa mekundu. Vumbi na jua huotesha kinyama kinachotambaa kutoka pembeni mwa jicho kuelekea kwenye mboni. Ugonjwa wa vikope huyafanya mekundu. Ukisikia mtu anasema macho ya bibi fulani si ya kawaida, jibu lako liwe moja: basi tumpeleke hospitali.

Hatua ya 5: Tazama ugonjwa

Hapa ndipo uso unapolipa muda wako. Nitaanza na yasiyosubiri.

Uso uliopinda ghafla. Mwambie mtu acheke au aonyeshe meno. Upande mmoja ukibaki chini, endelea. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele na kufumba macho. Tazama kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi, kwa mfano "jana nilinunua zabibu soko la Majengo". Sikiliza kama maneno yanaparaganyika. Jambo moja tu kati ya hayo matatu likionekana, chukulia ni kiharusi. Angalia saa. Jiulize mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi, uandike kwenye karatasi, kwa sababu hilo ndilo daktari atakalouliza kwanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba damu haijavuja kichwani. Usimpe maji wala uji, atapaliwa. Usimpe aspirini. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri, mwende moja kwa moja hospitali kubwa. Kwa mjini ni Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Usisubiri kupambazuke, wala usipitie kwa mganga. Hata uso ukirudi sawa baada ya nusu saa, nenda. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata.

Uko ugonjwa mwingine unaofanana nao, wa kupooza mshipa wa fahamu wa uso, ambao wengi husema "amepigwa na upepo mbaya". Tofauti iko kwenye paji. Mwambie ainue nyusi. Kwenye kiharusi paji kwa kawaida hukunjamana pande zote mbili. Kwenye ugonjwa huu upande mmoja wa paji unabaki laini kama sahani, na jicho la upande huo halifungi. Naye aende hospitali ndani ya siku tatu, maana dawa ikiwahi husaidia sana, na jicho lifunikwe usiku lisikauke. Ila kutofautisha ni kazi ya daktari. Wewe ukiona uso umepinda, kimbia tu.

Mtoto anayeharisha. Macho yameingia ndani, analia bila machozi, utosi wa mtoto mchanga umebonyea. Finya ngozi ya tumbo kidogo, uachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Mpe ORS kijiko kwa kijiko wakati mnaelekea zahanati, na kunyonya kusikatizwe. Akiwa amelegea mno hata kunywa hawezi, hiyo ni dharura.

Mtoto mwenye kikohozi. Tazama pua. Mianzi ya pua ikitanuka kila anapovuta pumzi, na chini ya mbavu kukibonyea ndani, anapigania hewa. Inaweza kuwa nimonia. Usingoje asubuhi.

Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri, siku chache baada ya kuzaliwa akashindwa, taya limekaza, midomo imevutwa kama anayetabasamu, mwili unashtuka ukiguswa. Hiyo ni pepopunda. Ndiyo sababu tunawasihi akina mama wapate chanjo ya pepopunda na kitovu kisipakwe samadi wala majivu.

Yafuatayo yanakupa siku moja mbili, si zaidi.

Upungufu wa damu: vuta kope la chini kwa kidole. Nyama ya ndani inapaswa kuwa na wekundu kama wa nyama ya tikiti lililoiva. Ikiwa imepauka, linganisha na yako kwenye kioo, kisha fungua kiganja chake uweke kando ya chako. Kwa mjamzito fanya hivi kila mwezi, na usisubiri dalili nyingine.

Manjano: mtoto mchanga bonyeza kidogo ngozi ya ncha ya pua, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Manjano siku ya kwanza ya kuzaliwa ni hatari, na yakifika viganjani na nyayoni ni hatari siku yoyote; hayo nayo hayasubiri. Kwa mtoto mkubwa ambaye macho hurudi kuwa ya manjano mara kwa mara na mifupa humuuma, omba apimwe selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli.

Uso unaovimba asubuhi, hasa kuzunguka macho, kisha kupungua mchana: pima mkojo na presha, figo zinalalamika. Mjamzito mwenye uso uliovimba ghafla, kichwa kinauma na haoni vizuri, yeye arudi kwenye orodha ya wasiosubiri.

Nyusi zinazopukutika upande wa nje, masikio au uso wenye vinundu, mabaka yasiyohisi mguso wa pamba: ukoma. Hombolo hapa kwetu kwa miaka mingi palikuwa na kituo cha wagonjwa hao, na wazee bado hulitamka neno hilo kwa hofu. Dawa zipo, ni bure, na mtu akishaanza kuzimeza anaacha kuambukiza.

Kuna uso unaosingiziwa tabia. Mzee aliyekuwa mcheshi, polepole uso wake unakuwa kama kinyago, hakonyezi, hakunji nyusi, anatembea kwa hatua fupifupi na mkono mmoja unatetemeka ukiwa umepumzika. Wanawe wanalalamika kwamba baba amekuwa mkali, hafurahii hata wajukuu. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ambao hukakamaza misuli ya uso. Moyoni bado anacheka. Muulize.

Na sasa vikope, kwa sababu ni ugonjwa wa nyumbani kwetu. Ukimwona mtoto ambaye nzi wanatua kwenye pembe za macho na yeye hawafukuzi, tongo zimekauka, kamasi imefika mdomoni, huo uso unakusimulia jinsi ugonjwa unavyohama. Nzi na vidole hubeba vimelea kutoka uso hadi uso. Maambukizi yakirudi miaka nenda miaka rudi, ndani ya kope hubaki kovu, kovu huvuta, kope hugeukia ndani na kukwangua mboni kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwani wao ndio wanaobeba watoto. Wilaya ya Kongwa inajulikana kwa watafiti wa macho duniani kote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, vijiji sita vya huko vilipewa dawa ya macho ya kupaka, na vitatu kati yake vikahimizwa pia kuwanawisha watoto uso. Watoto waliopata vikope vikali katika hivyo vitatu walikuwa wachache kuliko katika vile vingine.

Akina mama waliniambia kila mara, "Nesi, maji yako wapi?" Ni swali la haki, kiangazi ndoo moja inatembewa saa nzima. Lakini uso hautaki ndoo. Kikombe kimoja kinatosha watoto kadhaa ukikitumia hivi: tundika kibuyu chirizi mlangoni, maji yatiririke kama uzi. Mtoto akinge viganja, apake macho akiwa ameyafumba, aanzie pembe ya jicho upande wa pua kwenda nje, kisha pua, kisha mdomo. Rudia mara ya pili. Acha uso ukauke kwa upepo, usifute watoto wote kwa kanga moja, maana hapo utakuwa umehamisha ugonjwa mwenyewe. Asubuhi, na jioni kabla ya kulala. Mzee mmoja wa Kigogo aliniambia kwamba alama ya nindi aliyochanjwa utotoni katikati ya paji ilikuwa ni ya kuzuia ugonjwa wa macho. Walioiweka walijua vizuri ni ugonjwa gani unawamaliza watoto wao.

Hatua ya 6: Mwambie mwenyewe, faraghani

Ukishaona kitu, usikitangaze kwenye daladala wala mbele ya wakwe. Kaa chini, macho yenu yawe sawa kwa kimo. Salimia kwanza, kwa kikwao kama unaweza. Sema ulichokiona, usiseme jina la ugonjwa. Mkifika zahanati, mweleze mhudumu mambo matatu: kimebadilika nini, tangu lini, na mtu anahisi nini.

Chamwino palikuwa na bibi mmoja ambaye watoto walikatazwa kupita mbele ya nyumba yake kwa ajili ya macho yake. Nilikwenda saa kumi jioni, jua likiwa limelegea. "Mbukwenyi," nikamsalimia kwa Kigogo, naye akaitikia, akanisogezea kigoda. Nilimwona akitoa kibano kidogo kwenye fundo la kanga na kung'oa ukope mmoja bila kioo, kwa mazoea ya miaka. Nikamuuliza, "Bibi, macho yanakuwasha au yanakuchoma?"

"Yanachoma," akasema, "kama yametiwa mchanga. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Alifanyiwa upasuaji wa kope wiki tatu baadaye, jicho la kulia kwanza.